Kufunga sanvaiza mpya kwenye kupe ya 1971: mihimili ya zamani, skrubu zilizoganda na nguo ya dari

Kupe71

Habari za kazi wakuu.

Gari ni kupe ya michezo ya Uingereza, mwaka 1971, usukani kulia. Sanvaiza, yaani vile vibao vya kuzuia jua juu ya kioo cha mbele, zimekwisha. Reksini imesinyaa na kupasuka kwenye kona, sponji ya ndani imegeuka unga wa njano, na ya dereva haishiki kabisa: tuta moja tu inashuka usoni. Seti mpya ninayo, lakini ni vibao vitupu. Mihimili ya chuma yenye umbo la L, breketi na klipu za katikati lazima zitoke kwenye za zamani.

Naomba msaada kwenye haya:

1. Skrubu tatu za breketi ya dereva zimeganda na mbili vichwa vimeanza kulika. Nguo ya dari ni ya zamani lakini nzima, sitaki kuichafua wala kuichana.
2. Mhimili unatolewaje kwenye kibao cha zamani, na unaingizwaje kwenye kipya bila kupasua mshono?
3. Nikija kubadilisha nguo ya dari baadaye, matundu ya skrubu nitayapataje?
4. Kuna ubaya wowote kutafuta sanvaiza nyembamba za miaka ya nyuma badala ya hizi nene? Nyembamba zinapendeza zaidi.

FundiDari

Anza na betri. Toa terminali hasi kabla hujagusa breketi. Magari mengi ya aina hiyo yana waya wa taa ya ndani unaopita kwenye fremu ya juu ya kioo, sentimita chache tu kutoka zilipo skrubu zako. Katika mfumo wa rangi za waya wa Lucas, kampuni ya vifaa vya umeme vya magari ya Uingereza, waya wa zambarau una umeme muda wote kupitia fyuzi, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Swichi ya mlango inafunga upande wa bodi tu. Kwa hiyo taa ikiwa imezimika, bado waya huo una moto. Skrubu ndefu ikiuchubua, ukiwa na bahati inakatika fyuzi peke yake.

Sasa skrubu. Usipulizie mafuta ya kulegeza kutu moja kwa moja. Yakinywewa na nguo ya dari yanabeba kutu na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Pulizia kwenye kifuniko cha chupa, chovya kijiti cha pamba, gusisha ukingo wa kichwa cha skrubu tu. Hata hivyo skrubu inatazama chini, mafuta hayapandi sana, kwa hiyo tegemea joto zaidi. Kata kadi ngumu yenye tundu uivishe kuzunguka breketi kulinda nguo. Halafu shikilia ncha ya pasi ya kulehemu risasi, wati 40 hadi 60, kwenye kichwa cha skrubu kwa dakika moja au mbili. Chuma kinatanuka, kutu inapasuka. Acha ipoe, rudia mara moja, kisha ingiza bisibisi, sukuma juu kwa nguvu, na uanze kwa *kukaza* kidogo sana kabla ya kulegeza. Hiyo robo ya robo ya mzunguko kwenda upande wa kukaza ndiyo inayovunja mshiko wa kutu. Usitumie tochi ya gesi wala mashine ya hewa moto hapo. Reksini ya dari itasinyaa kabla skrubu haijajua kinachoendelea.

Zile mbili zilizolika, kama hazikubali, usipoteze muda. Toboa kichwa kwa biti yenye kipenyo sawa na shina la skrubu (milimita 4 zinatosha kwa skrubu namba 8). Kichwa kikitoka, breketi inashuka na kinabaki kisiki chenye urefu sawa na unene wa breketi. Hicho kinashikwa na koleo la kubana na kuzungushwa. Mtu mwingine ashikilie mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi pembeni wakati unatoboa, maana vumbi la chuma likibaki kwenye nguo ya dari, unyevu wa kwanza unaligeuza kuwa madoa ya kutu.

Mhimili: kabla ya kuutoa, funga tepu na uandike D kwa dereva na A kwa abiria, pamoja na mshale unaoonyesha upande unaotazama kioo. Angalia sehemu ya mhimili inayoingia ndani ya kibao. Mara nyingi ina bapa, yaani upande mmoja umesawazishwa. Ndani ya kibao kuna klipu ya chuma cha springi inayoukumbatia mhimili, na klipu hiyo ikikutana na bapa ndipo sanvaiza "inapojifunga" juu kwenye dari. Kwa kuwa mhimili una umbo la L, bapa haiwezi kukaa vibaya isipokuwa umebadilisha wa dereva na wa abiria. Ukifanya hivyo sanvaiza itakataa kukaa juu na itakaa vizuri kabisa ikiwa imeshuka. Watu wengi huishia kulaumu kibao kipya.

Kibao cha zamani unakitupa, kwa hiyo usivute. Kata reksini kwa kisu sambamba na mhimili, fungua klipu, toa mhimili bila kuukwaruza. Kama unataka kukitunza kama kiolezo, kiache juani nusu saa kilainike, kisha zungusha kibao kwenda na kurudi huku ukivuta. Kabla ya yote angalia mwisho wa mhimili: baadhi ina pini ya kupita katikati au kichwa kilichopondwa, na hiyo haitoki kwa kuvutwa hata siku nzima.

Matundu ya dari: siku utakayofunga nguo mpya, rudishia skrubu kwenye matundu yake kabla ya kuvuta nguo, ziache zitokeze milimita 2 au 3. Nguo ikishavutwa na gundi kukauka utavihisi vichwa kwa kidole. Toboa hapo juu ya kichwa kwa msharasi uliopashwa moto, tundu la milimita 3 tu. Moto unayeyusha ukingo wa tundu na kuufunga, hivyo nguo haichaniki. Toa skrubu kupitia hapo, funga breketi. Usikate msalaba kwa wembe, na kamwe usipitishe drili kwenye nguo. Biti inashika uzi na kuisokota nguo yote kabla kidole hakijaachia swichi.

Kuhusu nyembamba: za zamani sana nyingi ni ubao mgumu au kadi iliyovikwa reksini, bila sponji. Kanuni ya usalama ya Marekani FMVSS 201, iliyoanza kutumika kwa magari ya abiria mwanzoni mwa 1968, ilitaka sanvaiza ziwe na kitu cha kupunguza pigo la kichwa, na sehemu za kufungia zisiwe na ukingo mgumu wenye mviringo wa nusu kipenyo chini ya inchi 0.125, kama milimita 3.2. Ndiyo maana watengenezaji waliokuwa wakiuza huko walihamia kwenye nene. Paji la uso kwenye gari la namna hii liko karibu sana na fremu ya juu. Mimi ningebaki na nene.

MenoYaSkrubu

Naongezea kwenye skrubu, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi huharibikia.

Kwanza bisibisi. Magari ya Uingereza ya kipindi hicho yana skrubu nyingi za Pozidriv, si Phillips. Utaitambua kwa mistari minne midogo iliyochorwa katikati ya mikono ya msalaba. Bisibisi ya Phillips inaingia lakini inapanda na kutoka ukikaza, na hivyo ndivyo vichwa vinavyolika. Tumia PZ2, yaani Pozidriv namba 2. Wenye magari ya Japani, mfano Datsun 240Z, nanyi mna la kwenu: misalaba ya JIS, yaani kiwango cha viwanda cha Japani. Inafanana na Phillips kwa macho, lakini bisibisi ya Phillips haifiki chini. Skrubu ya JIS mara nyingi ina kitone kimoja kwenye kichwa.

Pili meno. Tofautisha skrubu inayojichania njia kwenye bati na ile yenye meno ya kawaida inayoingia kwenye nati iliyolehemewa. Ya kwanza kwenye breketi za sanvaiza huwa namba 6 (milimita 3.5), namba 8 (4.2) au namba 10 (4.8). Kama tundu limepanuka, panda namba moja tu juu. Kutoka 8 kwenda 10 mara nyingi kunatosha.

Ya pili ni mtego. Kwenye magari ya Uingereza inaweza kuwa 10-32 UNF, skrubu namba 10 yenye meno 32 kwa inchi: kipenyo milimita 4.83, na hatua ya meno (umbali wa jino hadi jino) milimita 0.794. M5 ya kawaida, ya vipimo vya metriki, ina kipenyo 5.0 na hatua 0.8. Hatua karibu sawa! Matokeo yake skrubu ya 10-32 inaingia kwenye nati ya M5 ikiwa imelegea, halafu inachomoka ukikaza. M5 nayo inaingia kwenye nati ya 10-32 mizunguko miwili mitatu, inagoma, na mtu akilazimisha nati iliyolehemewa inang'oka ndani ya fremu. Ikishazunguka huko ndani huwezi kuishika bila kukata. Jaribu skrubu mpya kwa vidole peke yake: izame angalau mizunguko mitano bila bisibisi.

Tatu urefu. Usinunue kwa kubahatisha. Chukua waya mwembamba ulionyooka, uingize kwenye tundu taratibu hadi uguse bati la nje la paa au kitu chochote kigumu, weka alama, pima. Toa milimita 5. Ongeza unene wa breketi. Hapo umepata urefu wa juu kabisa wa skrubu. Kama nguo mpya ya dari ina sponji nyuma yake, itabanwa chini ya breketi na kubaki milimita 1 hadi 2, kwa hiyo skrubu za zamani zinaweza kushika meno machache mno. Hapo unapanda kutoka milimita 16 kwenda 20, lakini kwa sharti la ule waya.

Kukaza ni kwa mkono. Bati la fremu ni jembamba. Breketi ikishatulia, robo mzunguko inatosha.

Kupe71

Asanteni sana. Skrubu zimetoka zote, moja kwa kutoboa kichwa. Mihimili imetoka na kweli ina bapa.

Tatizo jipya: wa dereva unaingia kwenye kibao kipya sentimita 3 kisha unagoma. Nikisukuma, reksini kwenye ncha ya mshono inaanza kuwa nyeupe. Wa abiria ni kinyume chake, umeingia kirahisi mno na kibao kinashuka chenyewe kikiwekwa nyuzi 45. Na mtu mmoja amenishauri niweke gundi ya bluu ya kufunga meno kwenye skrubu za breketi. Mnasemaje?

FundiDari

Weupe huo ni onyo, simama hapo hapo. Mshono wa kibao cha kiwandani haukushonwa kwa uzi. Reksini mbili zimeyeyushwa pamoja kwenye ukanda wa milimita 3 au 4 tu. Ukipasuka hauzibiki vizuri.

Toa mhimili. Pitisha kidole kwenye ncha: karibu kila mara kuna ukingo mkali uliobaki tangu ulipokatwa kiwandani, na huo ndio unaokwama kwenye mdomo wa klipu. Chonga kwa tupa ndogo, milimita 1 kwa pembe ya nyuzi 45, kuzunguka kote, kisha malizia kwa msasa wa maji 800. Kama kuna vipele vya kutu kwenye sehemu inayoingia ndani, visugue hadi pawe laini. Sehemu inayoonekana yenye kromu usiiguse kwa msasa.

Kisha weka kibao juani au mahali penye joto la nyuzi 40 hadi 50 kwa nusu saa. Reksini na sponji vinalainika, klipu inapata nafasi ya kufunguka. Paka grisi ya silikoni, kiasi cha punje ya mchele, kwenye ncha tu. Usitumie grisi ya kawaida wala mafuta ya petroli, yanavimbisha vinaili na kuozesha sponji. Ingiza huku ukizungusha kibao nyuzi 30 mbele na nyuma, na mkono wa pili ubane kibao pale mshono unapoishia. Nguvu itoke kwenye kuzungusha, siyo kusukuma. Ikigoma palepale tena, klipu imekaa upande ndani ya kibao. Tafuta mahali ilipo kwa kuminya kwa vidole, iwekee ncha ya bisibisi nyembamba kupitia tundu la mhimili na uinyooshe kidogo.

Wa abiria: usikimbilie kuurudisha dukani kabla ya kupima. Shika mhimili kwa koleo lililofungwa kitambaa, zungusha kibao. Kama mhimili umetulia na kibao kinateleza, ulegevu uko kwenye klipu ya ndani. Kama mhimili unazunguka pamoja na kibao kwenye breketi, tatizo ni breketi, na hapo kuna springi au washa ya mawimbi iliyochoka.

Kwa ulegevu wa ndani, vaa mhimili kipande cha mpira ule unaosinyaa kwa joto, wa kufunikia maungio ya waya, urefu sawa na klipu. Baada ya kusinyaa unaongeza takriban nusu milimita kwenye kipenyo, wakati mwingine kidogo zaidi, na una mshiko mzuri. Funika bapa pia, bado klipu itaihisi. Kama nusu milimita ni nyingi, kata ukanda wa bati la shaba nyeupe wa milimita 0.1, uviringishe mara moja. Kuna wanaofunga ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Usifanye. Tepu hiyo imetengenezwa ili iteleze. Inaongeza unene na kuondoa msuguano kwa wakati mmoja, halafu inajikunja na kutoka ndani ya wiki chache.

Gundi ya bluu ya kufunga meno: kwenye breketi ya chuma na nati ya chuma haina tatizo, tone moja. Lakini kama breketi au kifuniko chake ni cha plastiki, usiisogeze. Inapasua plastiki za ABS na polikaboneti zilizo chini ya mkazo, na ufa hutokea baadaye ukiwa umeshasahau. Kwa skrubu inayojichania njia kwenye bati haina kazi kabisa.

MshonoMbili

Kwa wale ambao hawapati vibao vipya vya modeli yao, au wanataka reksini ifanane na dari: kuvika upya inawezekana, na mara nyingi inatoka nzuri kuliko za kununua, kwa sababu vipele vya reksini unachagua mwenyewe.

Chana reksini ya zamani kwenye mshono, usitupe kitu. Chora kiolezo kwa kufuata *kiini* cha ndani, siyo reksini, maana reksini imeshasinyaa. Hali hiyo husababishwa na vilainishi vya vinaili kutoka taratibu kwa joto la miaka, ndiyo pia inayoleta ule ukungu wa mafuta ndani ya kioo cha mbele. Kama kiini kimeoza, kata kipya. Ubao mgumu wa milimita 3 unafaa, bati la plastiki ya ABS la unene huohuo linafaa zaidi kwa kuwa halinywi unyevu. Viringisha kingo zote kwa tupa. Rudisha klipu ya springi mahali pake palepale na uifunge kwa ribiti bapa, siyo gundi.

Bandika sponji ya milimita 3 pande zote mbili. Kata reksini mbili, moja iwe kinyume cha nyingine kama taswira kwenye kioo, kila moja izidi kiini kwa milimita 12 kuzunguka. Zishone pamoja nje ya kiini, karibu kabisa na ukingo wake, kwa mguu mwembamba wa cherehani, ule wa kushonea zipu. Sindano 100/16, uzi wa poliesta. Uzi wa pamba unaozwa na jua. Urefu wa mshono milimita 3.5 hadi 4; ukishona kwa hatua ndogo unatoboa reksini kama ukingo wa stempu na itachanika hapo hapo. Punguza ziada ibaki milimita 4, kisha vika ukanda wa ukingo wa reksini nyembamba na ushone mara ya pili. Acha mdomo wa mhimili wazi, wenye upana wa kuupitisha tu.

Kioo kidogo cha abiria, kama unacho, kiwekee kiini chake kidirisha kabla ya kuvika. Kubandika juu ya reksini ni kujidanganya.

UbaoNaGundi

Nakubaliana na mengi hapo juu, isipokuwa gundi haijasemwa vya kutosha, na hapo ndipo kazi nyingi zinazoonekana nzuri huharibika.

Gundi ya kawaida ya viatu na fomeka, ile ya neoprini, inanywa vilainishi vinavyotoka kwenye vinaili na kuwa laini kama utomvu. Kazi inakaa vizuri miezi michache, halafu gari linaachwa juani madirisha yamefungwa, joto karibu na kioo cha mbele linapita nyuzi 60, na reksini inaanza kutengeneza mapovu. Tumia gundi ya mafundi wa viti na dari za magari iliyoandikwa kuwa inastahimili joto kali *na* vilainishi vya vinaili. Maandishi yote mawili yawepo. Paka pande zote mbili, nyembamba, subiri hadi kidole hakitoki na gundi, kisha bandika. Usiipeleke kazi juani kabla ya saa 24.

Tena, gundi haipaswi kuwa ndiyo inayobeba reksini. Inashikilia sponji na kuzuia mikunjo; mshono ndio unaobeba. Kwa hiyo paka mistari michache tu upande wa reksini, ili kibao kiweze kunyumbuka.

Na rangi: ukipata vibao vipya vyeupe lakini dari yako ni ya krimu, vinaweza kupakwa rangi ya vinaili. Futa kwanza kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, maana vibao vipya hutoka na mafuta ya kufyatulia kiwandani, na rangi haishiki juu ya mafuta hayo. Mipulizo mitatu minne myepesi, kila mmoja ukauke. Mpulizo mmoja mzito unaziba vipele vya reksini na baadaye unapasuka kwenye kona.

JuuWazi

Haya yote ni ya kupe. Kwenye gari la wazi kama MGB, breketi zinafungwa kwenye fremu ya kioo yenyewe. Kuna tofauti ya kujali?

MenoYaSkrubu

Ipo, na ni kubwa. Fremu ya kioo ya MGB ya wazi ni ya alumini. Skrubu ya chuma kwenye alumini, ukiongeza unyevu, inaleta ulikaji: alumini inageuka unga mweupe unaovimba na kuikaba skrubu. Kwa hiyo skrubu ya zamani ikigoma, fahamu kwamba huenda haina kutu kabisa. Joto la pasi ya risasi bado linasaidia, tena zaidi, kwa sababu alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Ukifunga upya paka meno dawa ya kuzuia ulikaji au hata grisi nzito, na weka washa nyembamba ya nailoni kati ya breketi na fremu. Skrubu isiyoshika kutu peke yake si suluhisho. Yenyewe haitaoza, fremu itaendelea kulika.

Urefu wa skrubu ndiyo hatari yenyewe. Ukingo wa kioo umekaa ndani ya fremu hiyo hiyo ukiwa na mpira mwembamba tu. Skrubu iliyozidi milimita mbili inaugusa. Haitapasua kioo siku hiyo. Itapasua gari likipita kwenye barabara mbovu au jua likiwaka, ufa ukianzia juu katikati ya breketi. Pima kwa waya kama nilivyoeleza, na kama una shaka chonga ncha ya skrubu iwe bapa.

Tundu la alumini likishaharibika meno, usipande saizi. Ukuta ni mwembamba. Nati ya ribiti ya alumini ya M4 au M5 inafanya kazi kama kuna nafasi ya nyuma ya kuvimba. Kama haipo, mpe mtu anayejua kulehemu alumini alizibe na utoboe upya, kioo kikiwa kimetolewa.

Kabla ya kukaza kabisa, vuta turubai na ulifunge kwenye fremu mara mbili tatu. Sanvaiza nene ya kisasa mara nyingi inazuia mkono wa komeo la turubai, na kama breketi bado haijakazwa unaweza kuisogeza milimita 2 au 3 kwenye matundu yake. Hilo hilo kwa kupe: zungusha kibao kutoka dari hadi kioo cha pembeni, uangalie kisiguse kioo cha kuangalia nyuma, na kikiwa kimeshuka kibaki angalau sentimita moja kutoka kwenye kioo cha mbele. Reksini inayoegemea kioo chenye moto hunata na kuacha alama pande zote mbili.

Kupe71

Wa dereva umeingia, kweli ulikuwa ukingo wa ncha. Wa abiria nimevika mpira, umeshika. La mwisho: klipu za katikati zimebaki na ufa, zote mbili. Zinaungika?

FundiDari

Haziungiki mkuu. Ni nailoni iliyokauka kwa jua, na nailoni haishiki gundi ya maana. Nunua mpya, na kabla ya kuzifunga ziloweke kwenye maji ya moto, yasiyochemka, kwa saa moja au mbili. Nailoni kavu kutoka dukani ni ngumu na hupasuka ukisukuma pini ya sanvaiza mara ya kwanza. Ikinywa maji kidogo inanyumbuka. Skrubu yake ni moja na ndogo, kaza hadi klipu iache kucheza, basi.